Mtoto na Pembea Kubwa: Apelekwe Akiwa na Umri Gani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wenzetu, sisi ni wenyeji wa Mombasa, lakini kazi ya kusomesha imetuleta Kola, soko dogo lililoko kusini mwa mji wa Machakos kwenye barabara iendayo Wote. Waislamu wa hapa ni wachache, na kwa uchache wao hujuana hata kwa majina ya watoto. Jioni moja ya mwezi wa Novemba, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja akiwa na binti yake wa miaka minane na mwanawe wa kiume wa miaka minne.

“Assalamu alaykum, Sheikh. Nimekuja na suala dogo, lakini nyumbani limekuwa kubwa.”

“Waalaykumu salaam, mwanangu. Keti, utueleze.”

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mwaka uliotangulia, baba wa watoto hao, ambaye ana duka la misumari na saruji pale sokoni, alimwahidi binti yake kwamba akihifadhi Juzuu Amma atampeleka Mombasa, kwenye bustani ya michezo yenye mitelezo ya maji. Binti akahifadhi. Tulimsikiliza sisi wenyewe, kuanzia Annabaa mpaka Annas, naye hakukwama ila mahali pawili. Fedha za safari zilikuwa zikiwekwa kidogo kidogo katika mkebe, nyingine zikitokana na mayai ya kuku wa mama yake. Sasa yule mdogo naye akawa analilia kwenda. Baba akasema, kwa nia njema, kwamba watoto hawabaguliwi: wataingia wote na kupanda wote, au hakuna atakayekwenda. Bibi yao mzaa baba akasema safari iahirishwe miaka mitatu mpaka mdogo akue. Mama amebaki katikati, na kwa siku tatu nyumba ile haikuwa na maneno ila ya lazima.

Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa mkeka akisikiliza. Aliuliza jambo moja tu: “Kwani mimi nilihifadhi bure?”

Hatukuwajibu siku ile. Tuliwaomba warudi baada ya siku mbili. Sababu ya kuchelewa kwetu twaieleza hapa, ingawa inatuaibisha, kwa kuwa huenda ikamnusuru mzazi mwingine.

Kosa letu wenyewe

Miaka sita iliyopita, siku ya pili ya Idi, tulimchukua mjukuu wetu wa miaka mitatu kwenye uwanja mmoja wa mapumbao. Jina lake hatulitaji, kwa maana kosa lilikuwa letu. Mama yake alituambia, “Baba, bado mdogo huyu.” Tukamjibu kwamba mtoto wa kiume huzoezwa mapema. Tukampandisha nasi kwenye gurudumu kubwa. Lilipofika juu likasimama ili watu wengine wapakiwe chini, na pale juu mtoto akalia mpaka akatapikia kanzu yake mpya. Sisi tulicheka. Tulidhani khofu yake itapita kama mafua yapitavyo.

Tulipoteremka simu ikalia, tukaipokea. Hatukuzungumza kwa muda mrefu. Tulipogeuka, mtoto hayupo. Tulimtafuta kwa muda wa dakika ishirini, na kati ya kila uso na uso tulikuwa tukiomba dua ambazo hatukuwa tumeziomba tangu ujana wetu. Alipatikana chini ya meza ya mama muuza mabuyu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Mama yule alikuwa amemuuliza jina lake, naye akataja lile la utani tunalomwitia nyumbani. Jina la baba yake hakulijua, wala mtaa, wala namba ya simu.

Tangu siku ile mtoto huyo hakutaka pembea yoyote, hata ile ya kamba iliyofungwa kwenye mwembe wa jirani. Na mama yake, ambaye ni binti yetu, alimaliza mwaka mzima bila ya kutuachia mtoto tukiwa peke yetu. Alitusamehe kwa ulimi mapema, na kwa moyo baadaye. Ndiyo maana mama wa Kola alipotuuliza umri, tuliona si haki kumjibu kwa haraka kana kwamba jambo hili tulilisoma vitabuni tu.

Khofu ya Nabii Yaaqub

Wapo wanaodhani dini haina la kusema katika jambo hili ila kukataza. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwacha Bibi Aisha (R.A.) awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye akasimama kumsitiri mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Alimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kwa habari ya kidege chake. Alirefusha sijda kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachukia kumharakisha kabla hajamaliza haja yake. Mchezo wa mtoto una haki katika nyumba ya Kiislamu.

Katika Sura Yusuf, wale ndugu walimwendea baba yao Nabii Yaaqub (A.S.) wakimwomba amwache Yusuf afuatane nao kesho yake apate kujifurahisha na kucheza. Yafaa tuzingatie jibu lake. Hakusema kwamba kucheza ni vibaya, wala hakusema kwamba mwanawe ni mdogo mno. Alitaja huzuni yake ya kuachana naye, kisha akataja kwamba anachelea mbwamwitu asije akamla ilhali wao wameghafilika. Khofu ya mzee yule ilikuwa juu ya macho ya wale wanaomchukua mtoto.

Basi swali la umri lina pande mbili. Upande mmoja ni mtoto: je, amefika? Upande wa pili ni mchungaji wake: je, atakuwa macho? Sisi siku ile ya Idi tulikosea pande zote mbili. Mtoto alikuwa hajafika, na mchungaji alikuwa kwenye simu.

Umri wa kupambanua

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanapomweleza mtoto aliyefikia kupambanua mambo, yaani mumayyizi, hutaja alama ambazo kila mama anazijua: anakula peke yake, anakunywa peke yake, anajitoharisha peke yake. Mara nyingi hayo hutimia karibu na miaka saba, na ndio umri ambao Mtume (S.A.W.) aliagiza watoto waanze kuamrishwa sala. Zamani tulipokuwa tukiyasoma haya tuliyaona ni mambo ya sala na ulezi tu. Leo twaona yanafaa pia mlangoni mwa bustani ya burudani. Mtoto asiyeweza kujitoharisha peke yake atahitaji mtu wa kumpeleka chooni kila mara katika umati. Mtoto asiyeweza kueleza haja yake hataweza kumweleza mgeni kwamba amepotea.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata walimwengu wenye viwanja vikubwa wamefika karibu na hesabu hiyo hiyo. Katika viwanja vya Disney nchini Marekani, ambavyo cha kwanza chake kilifunguliwa mwaka 1955 huko California, mtoto aliye chini ya miaka 7 hapandi chombo ila afuatane na mtu wa miaka 14 au zaidi. Na vyombo vya kasi havitazami miaka kabisa, hutazama urefu. Mlangoni husimamishwa nguzo yenye mstari, na mtoto asiyefikia mstari ule hapandi. Wazazi wengine hugombana na wafanyakazi, au humwambia mtoto asimame kwa ncha za vidole. Tusifanye hivyo. Mkanda na chuma cha kuzuia vimeundwa kwa mwili wa kipimo fulani, na mwili mdogo huweza kuteleza ukatoka. Kumfundisha mtoto kudanganya kwa nguzo ile ni kumfundisha uongo na kumtia hatarini kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo tuliporudiwa na mama yule, safari hii akiwa na mumewe, tuliwaambia wamjaribu kila mtoto kwa mambo manne. Je, anaweza kutaja jina lake kamili, jina la babake na namba moja ya simu? Je, akiambiwa “hapana” mbele ya watu anaipokea, hata kama kwa kununa? Je, anajiweza chooni? Je, akiogopa, anaweza kusema “naogopa” badala ya kulia tu? Binti wa miaka minane aliyajibu yote manne pale pale, na namba ya simu akaitaja mara mbili, ya baba na ya mama. Mdogo alitutajia jina lake, kisha akatuonyesha kiatu chake.

Ahadi na uadilifu

Baba alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema, “Sheikh, lakini si tumeamrishwa kufanya uadilifu baina ya watoto?”

Tukamwambia, ndiyo, tumeamrishwa, na Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja na ndugu zake wakanyimwa. Lakini uadilifu katika malezi ni kila mtoto kupata kinachomfaa. Hakuna baba anayewapa watoto wake viatu vya saizi moja akasema amefanya haki. Ukimpandisha wa miaka minne mahali pa wa miaka minane, umempa khofu ukaiita zawadi. Na ukimzuia wa miaka minane kwa sababu ya wa miaka minne, umemnyang’anya alichokitolea jasho.

Na hapa ndipo palipo na uzito zaidi. Yuko mama mmoja zama za Mtume (S.A.W.) aliyemwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende. Akaelezwa kwamba lau asingalimpa chochote, angaliandikiwa uongo. Ikiwa tende moja ina hesabu, itakuwaje kwa mtoto aliyehifadhi juzuu nzima kwa ahadi ya babake? Miaka mitatu ya kungoja ni mirefu mno kwa mtoto wa miaka minane. Angejifunza kwamba Qur’ani ilitumiwa kumvuta, kisha akaachwa.

Kila umri na mahali pake

Mdogo naye asirudi mikono mitupu. Tuliwashauri kwanza wafanye safari ya karibu ya kujipima, nayo haikuwa mbali. Mji wa Machakos una People’s Park, bustani iliyojengwa na serikali ya kaunti baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, karibu na bwawa la Maruba. Kuna nyasi za kukimbilia na sehemu ya watoto, na kutoka Kola mtu huenda na kurudi kabla ya Magharibi. Safari kama hiyo huonyesha mengi: mtoto anastahimili jua kwa muda gani, anashika mkono au anachomoka, anakula nini akiwa ugenini.

Na Mombasa kwenyewe, kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, pana mahali pafaapo kuliko mashine. Tulimtajia mama Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa chimbo la kiwanda cha saruji, ardhi iliyochimbwa ikabaki mwamba mtupu, mpaka mwaka 1971 René Haller, mtu wa Uswisi, alipoanza kupanda mivinje. Leo ni msitu wenye wanyama, na mtoto huweza kumlisha twiga kwa mkono wake. Ndipo mahali alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamwandama kobe mkubwa mzee kama aliyemwona mamake. Watoto wadogo huipenda habari hiyo, kwa kuwa nao hawatafuti kasi wala kimo. Hutafuta wa kumwandama.

Kuhusu maji tuliwakazania zaidi. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba viwango vya juu kabisa vya vifo vya kuzama majini ulimwenguni ni vya watoto wa mwaka 1 hadi 4. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, huenda chini kimya. Katika bwawa la kuogelea, hata liwe la kina cha magoti, mdogo awe mahali ambapo mkono wa mzazi unamfikia, na mzazi huyo asiwe na kazi nyingine. Mwenye kupiga picha si mchungaji. Mwenye kupakua pilau si mchungaji.

Wala tusisahau stara na sala. Mama ateue siku na mahali ambapo stara yake haivunjiki, na ikiwa hapapatikani, baba aingie na watoto, mama aketi kivulini au aende kwingine. Adhuhuri ikiingia, familia isimame ikasali. Mtoto akiona siku ya furaha kubwa ndiyo siku sala inayoachwa, atajua bila ya kufundishwa kwamba sala ni ya siku za huzuni. Na kuhusu fedha, asiyekuwa nazo asikope. Pembea ya shilingi chache siku ya Idi ina furaha ile ile kwa mtoto, na deni halina furaha kwa yeyote.

Yaliyokuwa

Walikwenda Machakos Jumamosi moja. Baba alitusimulia mwenyewe, akiwa nyuma ya meza yake ya duka. Mdogo alicheza muda wa saa moja, akaanza kulia bila ya sababu inayojulikana, akalala begani mwa babake mpaka walipoondoka. Binti alishika mkono wa mamake tangu walipoingia, na saa saba kasoro akauliza, “Tutasali wapi?” Baba akanyamaza kidogo, kisha akatuambia, “Sheikh, nimeona.” Bibi mzaa baba naye alipopewa habari akasema kwamba huyo binti na aende, bali yule mdogo wasimsogeze karibu na mitelezo. Nyumba ikarudi kuwa na maneno.

Mwezi wa Desemba wakashuka Mombasa. Siku ya safari iliyoahidiwa, baba aliingia na binti kwenye mitelezo ya maji, na mama akaenda na mdogo Bamburi. Wote wawili walivishwa nguo za rangi moja kali, rahisi kuonekana katika umati, na mfukoni mwa kila mmoja palikuwa na karatasi yenye namba ya simu. Mdogo alirudi na habari moja tu, akaikariri wiki nzima: ulimi wa twiga ni mrefu na mweusi.

Binti alitusimulia jambo lililotupendeza zaidi. Alipanda ngazi za mtelezo mkubwa, na alipofika juu akaogopa. Babake alikuwa chini, akamwashiria kwamba ashuke kwa ngazi akitaka. Akashuka. Hakuna aliyemcheka. Wakanywa maji ya dafu, wakasali, kisha akasema anataka kujaribu tena, na safari hiyo akateleza. “Baba hakunilazimisha,” alisema, na kwa kauli hiyo tulikumbuka kicheko chetu cha miaka sita nyuma kule juu ya gurudumu.

Basi jibu letu, kwa wazazi wanaotuuliza likizo ya Aprili inapokaribia, ni hili. Kabla ya kupambanua, mpeleke mwanao penye wanyama, mchanga na nyasi, na umshike mkono. Akikaribia miaka saba na alama zake zikaonekana, mpeleke kwenye pembea kubwa, lakini mruhusu kusema hapana. Na umri wowote awao, jiulize kwanza wewe mwenyewe kama siku hiyo uko tayari kuwa mchungaji, maana kila mmoja wetu ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Mjukuu wetu sasa ana miaka tisa. Idi iliyopita tulikuwa naye Mombasa, katika uwanja wa Makadara, na alisimama muda mrefu akizitazama pembea. Hatukumwambia neno. Mwishowe akasema, “Babu, nataka kupanda ile. Wewe ukae hapa hapa.” Tukampa mamake simu aishike, tukakaa pale pale, na kila alipozunguka alitutafuta kwa macho akatukuta.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atuamshe sisi tulioghafilika. Wabillahi tawfiiq.